Antena ya Kusalimia Ukweni

Sogeeni hapa, wajukuu, na wewe wa mlangoni acha kwanza kutafuna muwa, nataka kimya. Mwaka ule mvua iliangusha mnara wa simu, ikawa huku kwetu mlimani Mamba ukipiga simu kijiji cha Bendera unasikia pumzi yako mwenyewe. Redempta, Mama Raheli, ndiye aliyekuwa akiuza kahawa ya tangawizi pale kijiweni njia panda. Binti yake Raheli ameolewa Bendera, kule bondeni, na mimba yake ya kwanza imetimia. Redempta aliomba jambo moja tu: uchungu ukianza aambiwe, ateremke. Kikundi cha wakulima wa tangawizi kikanunua redio mbili, kila moja kama kipande cha sabuni, za kutumiana maandishi bila laini wala mnara. Moja ya Mamba, moja ya Bendera. Lakini kikundi kina desturi yake: kitu kipya hakiondoki kijiweni mpaka kila mwanachama akione kwa macho. Wanachama ni arobaini, na kuna wengine ukiwaita hawaji. Basi redio ya Bendera ilikuwa na wiki ya tatu mfukoni mwa koti la Lukasi, katibu, imewashwa kabisa ili atakayekuja aone taa. Watu wakaisahau, ubishi ukahamia kwenye antena ya ile nyingine.

— Tuipandishe juu ya mgomba, alisema Humphrey, fundi redio, waliyemwita Waya. Ina shingo ya chuma inayopinda, inafungwa popote.

— Mgomba unayumba, alisema Kurwa wa bodaboda, jina la kijiweni Injini. Upepo ukija ujumbe wote unamwagikia porini. Ifunge kwenye pikipiki yangu. Nikikimbia, na ujumbe unakimbia.

— Ukikimbia kwenda wapi?

— Bendera.

— Sasa ukishafika Bendera si useme kwa mdomo?

Kurwa akafikiri. — Mimi ni dereva, Waya. Mimi siyo barua.

— Jamani, alisema Redempta, mwanangu yuko peke yake kule.

— Tulia, Mama Raheli, alisema Lukasi. Hawa vijana wamekosa adabu tu. Bendera ni ukweni kwa binti yako. Nani anasalimia ukweni amesimama wima kama mlingoti? Ikunjeni hiyo shingo.

Waya akaifunga kwenye mguu wa benchi kwa mpira wa tairi, akaikunja mpaka antena ikainamia bondeni. Akaandika kwenye simu yake, aliyoiunganisha na redio: Mama anauliza, Raheli hajambo? Pale pale jibu likaja kwamba ujumbe umepokelewa. Koti la Lukasi nalo likalia tii. Akajipapasa, akasema ni njaa.

— Mmeona heshima? alisema Lukasi.

Redempta akainuka ghafla, kahawa ikamwagika kwenye kanga. Umepokelewa. Maana yake kuna mtu kule ameusoma. Akangoja. Vikombe vikaisha, vikajazwa tena, vikaisha.

— Mbona hawajibu?

— Kuteremka ni dakika moja, alisema Kurwa. Kupanda, huo ujumbe uko gia namba moja, na labda umebeba gunia.

— Au umepitiliza mpaka Ziwa Jipe, alisema Waya. Sasa hivi viboko wanausoma.

— Kiboko hajui kusoma.

— Ndiyo maana hajibu.

Lukasi akaagiza antena iiname zaidi, ikagusa udongo. Akasema pengine wakwe wanataka ipige magoti.

Hapo Sumaiya, mchuuzi wa samaki kutoka Bendera, akashuka kwenye lori la tangawizi.

— Shikamoo mzee. Namtafuta Mama Raheli, nina...

— Marahaba. Subiri kwanza, binti, alisema Lukasi. Tunaongea na Bendera.

Sumaiya akasubiri. Akaitazama ile antena ilivyosujudu, akaitazama simu ya Waya.

— Na kule Bendera, akauliza, redio yenyewe anayo nani?

Waya akamtazama Kurwa, Kurwa akautazama mlima. Koti la Lukasi lilikuwa linawaka taa ya kijani.

— Mama, alisema Sumaiya taratibu, Raheli amejifungua tangu jana asubuhi. Mtoto wa kike. Wazima wote, wanakungoja wewe.

Redempta aliliweka birika chini, akaingiza mkono kwenye koti la Lukasi, akachomoa redio, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akapanda pikipiki ya Kurwa.

— Teremka Bendera, akamwambia.

Alikaa Bendera miezi mitatu. Mtoto alirithi jina lake, Redempta. Raheli alirithi redio. Kurwa alirithi birika, na msimu mzima kahawa ikanuka petroli. Waya alirithi benchi lenye antena, ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. Lukasi alirithi swali la Sumaiya, na mpaka leo hajapata wa kumwachia.