Mama Fransiska wa Mlango kwa Mlango

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye dirisha la tiketi za ndege hapa Sumbawanga mjini, Mama Fransiska Sikazwe anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Masikio yetu yatapumzika na kelele zake, na tayari tumeanza kuzililia.

Mzaliwa huyu wa Mwazye aliajiriwa kupokea simu, na simu hiyo hakuiachia tena. Hajawahi kumtajia mteja muda wa ndege peke yake. Yeye huhesabu mlango kwa mlango: tangu unapofunga nyumba yako hadi unapobisha hodi unakokwenda, pamoja na basi la kwenda uwanja wa ndege wa Songwe, foleni, na shangazi atakayekung'ang'aniza ule kwanza. Watu walimnunia. Wengine walidai anawatisha ili wapande basi.

Jina lake lilipaa kwa safari ya Mzee Kashinje, mfugaji wa Mpui. Mama yake mzazi alifariki Magu, mkoani Mwanza, na yeye kama kifungua mimba ndiye wa kutangulia kutia udongo kaburini. Ndugu zake kule walitazama kwenye simu umbali wa anga kutoka Songwe hadi Mwanza, wakaona ni saa moja na ushee, wakapanga mazishi kesho yake alasiri. Mzee wa watu akaja dirishani kwetu machozi yakimlengalenga.

Mama Fransiska alipiga hesabu, akaguna. Ndege haikufuata ule mstari wa kwenye simu. Ilibidi Kashinje aende kwanza Dar es Salaam, asubiri, ndipo apande nyingine. Angefika jioni, mama yake ameshazikwa! Akampigia baba mdogo wa Kashinje, aliyesimamia msiba kule Magu. Baba mdogo alikata simu mara mbili, akifoka kwamba msiba una watu wa kulisha na kijana wao anajivuta tu. Mara ya tatu Mama Fransiska alianza na shikamoo nzito, akamtembeza safari yote mlango kwa mlango, akaapa kwamba Kashinje atabisha hodi kabla chakula cha jioni hakijapoa. Asipofika, wazike asubuhi inayofuata bila yeye na lawama zote zije Sumbawanga. Wakakubali kusubiri.

Siku ya safari Mama Fransiska hakula kitu. Kesho yake simu ikalia: Kashinje alifika chakula kikiwa cha moto, na asubuhi amemzika mama yake kwa mkono wake. Jamani, tulipiga vigelegele mpaka wateja wakadhani kuna harusi!

Sasa Mzee Kashinje amekataa katakata Mama apande basi kurudi Mwazye. Atampeleka kwa gari lake, na ametuma hesabu mapema: mlango kwa mlango ni siku nzima. Watazunguka kwanza Mpui, ambako ukoo umekusanyika kumshukuru, akiwemo baba mdogo, aliyekuja kwa ndege kupitia Dar es Salaam.

Asante, Mama yetu. Maisha yako yawe mema, na kila utakapobisha hodi, ukute wamekusubiri.

Edith, dirisha la pili