Swali la Pili la Benki ya Damu

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wauguzi, ndugu zangu wa maabara, na ninyi watoto na wajukuu wa Mama Programu mliokuja kumchukua mtu wenu: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Mama huyu ndiye aliyeiandika programu ya benki yetu ya damu, na kwa miaka kumi na tisa ameilea. Mimi nililetwa kumrithi, nikiwa na vyeti viwili na majigambo ya kujaza chumba. Nikaisoma wiki tatu, nikajiona nimeimaliza. Lo! Nilikuwa sijaanza.

Mnajua kwamba inamuuliza mtu wa maabara kundi la damu lililoandikwa kwenye mfuko, kisha inafuta jibu lake na kumuuliza tena? Nikasema, huu si usumbufu tu? Mama akiwa likizo, nikaliondoa swali la pili. Kazi ikaenda mbio, mkanipigia makofi.

Aliporudi, aliitazama skrini mara moja tu. "Mwanangu, swali la pili liko wapi?"

"Nimelitoa, Mama. Nimesoma kila mstari, halina kazi."

"Umesoma nilichoandika. Nilichokiogopa umekisoma wapi?"

Papo hapo alilinganisha mifuko iliyotolewa asubuhi ile na daftari la maabara, kisha mkamwona, mtu mzima na magoti yake mabovu, akikimbilia chumba cha upasuaji. Mfuko ulikuwa mlangoni, mikononi mwa muuguzi; akauzuia hapo hapo. Mgonjwa alikuwa wa kundi O; programu ilisema mfuko ni O, kumbe ulikuwa wa A. Swali la pili lingemlazimisha mtu aliyechoka autazame tena. Mgonjwa yule alipona, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Mheshimiwa, taarifa iliandika "hitilafu ya programu", na barua ya onyo akapewa mwenye programu. Aliipokea bila kunitaja. Nilipotaka kuja kwako kusema ukweli, alinishika mkono: "Wakikufukuza, haya yaliyomo kichwani mwangu nitamwachia nani? Hebu kaa chini." Tukakaa kila Alhamisi, miaka miwili, akinieleza sababu ya kila mstari na mgonjwa aliyemfundisha sababu hiyo.

Mama, nakushukuru mpaka maneno yananiishia, na unisamehe, leo nakukaidi. Mheshimiwa, barua ile bado imo kwenye faili lake, naye anastaafu. Naomba itolewe, iandikwe upya kwa jina langu. Mama ameshamaliza kunifundisha. Sasa mkitaka, nifukuzeni.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu.