Mzee Boniface Akabidhi Zizi Lake

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mzee Boniface Nduwimana anastaafu kutoka maabara yetu ya mambo ya kale hapa Durban. Kwa kuwa wageni wengi wa leo ni majirani zake wa mtaa wa Umbilo, wasemaji wa Kiswahili, nimeombwa niandike kwa Kiswahili. Nimekubali haraka kabla Prodige, mlinzi wetu, hajapewa kazi hiyo kwa Kiswahili chake.

Mzee aliingia kama mfagiaji. Kisha wataalamu wa Hispania wakatuletea makreti ya mifupa na mbegu zilizoungua, kutoka kijiji cha Waiberia wa kale, watu waliolima na kufuga huko zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Dakta Clara, mkuu wetu, alitafuta mtu mwenye subira wa kuisafisha mifupa ile. Mzee akashika brashi, na ufagio hakuurudia tena. Mikononi mwake tumeona shayiri, kokwa za zabibu, kondoo walioachwa wazeeke kwa ajili ya sufu, na maksai waliotanuka mifupa ya miguu kwa kuvuta plau.

Tulipohitaji mifupa ya kulinganisha, alinunua ng'ombe mzima huko Isipingo, nje kidogo ya jiji, akamchemsha kipande kwa kipande uani mpaka ikabaki mifupa. Harufu ikafika getini. Prodige akaja mbio na sahani: "Eish, papa, iko nyama?" Mpaka leo anaitwa Prodige Sahani.

Ng'ombe huyo Mzee alimwita Bihogo, jina la ng'ombe wekundu kwao Mugamba, Burundi. Wanyama wa kwenye makreti ya Hispania nao akawapa majina, kila mmoja lake. Tulimcheka sana. Mwacha asili ni mtumwa, alitujibu, akaendelea na brashi yake.

Siku moja, wakati wa chai, alitueleza. Vita vilipofika kwao alikimbia, akawaacha ng'ombe wa baba yake zizini bila kumkabidhi mtu. Kwao mchungaji anayeondoka humtambulisha anayebaki kwa kila mnyama: huyu mchokozi, huyu anaogopa maji. Wale hawakupata wa kuwatambulisha. Hapa Durban hakuoa. Kila Jumatatu alifika kazini kabla yetu sote, nasi tukamsifu kwa bidii. Haikuwa bidii tu. Ulikuwa upweke, na tulichelewa kuuona.

Wiki iliyopita makreti yalirudishwa Hispania. Mzee alisimama nyuma ya lori la kuyapeleka bandarini na kumweleza dereva, kwa Kizulu chake cha kubabaisha, mnyama mmoja mmoja: huyu alivunjika mguu ukaunga, huyu alilima mpaka uzeeni, hawa wawili walikutwa shimo moja, msiwatenganishe. Dereva alizima injini, akavua kofia, akasikiliza hadi mwisho. Lori lilipotoka, Mzee alibaki amesimama pale.

Asante, Mzee, kwa mikono yako na kwa kutuvumilia. Tunakutakia uzee wenye afya, chai ya moto, na watu wa kuinywa nao.

Bihogo ni mali ya maabara, kwa hiyo amebaki kwenye rafu yake. Tumeona kwamba huyu hukumkabidhi kwa mtu yeyote, wala hatutakuomba utukabidhi. Njoo umwone Jumatatu.

Laetitia, kwa niaba ya wenzako