Randa, Seremala Aliyejifunza Kumsikiliza Mtu Hadi Mwisho

Mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Randa, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, wa tatu kati ya watoto saba wa mwashi na mkulima wa mboga. Bibi alisimulia kwamba alilia kwa nguvu hata majirani wa nyumba ya tatu wakadhani kuna ugomvi. Sauti hiyo hakuipoteza ukubwani, na ilimletea heri na balaa kwa zamu.

Alianza shule mwaka 1958. Mlango wa darasa lao ulikuwa ukilia kila mwalimu alipoingia, na wanafunzi waliufanya kengele ya hatari. Siku moja, kwa nia njema kabisa, Randa alizipaka mafuta bawaba. Mwalimu akaingia kimya kimya na kukuta darasa zima liko juu ya madawati. Wenzake walimnunia muhula mzima, lakini mwalimu mkuu aliona mkono wa fundi, akamtafutia nafasi chuo cha ufundi. Alipata cheti cha useremala Novemba 1968, akafanya kazi miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha samani, kisha akafungua karakana yake mwenyewe mwaka 1982.

Tarehe 12 Januari 1974 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa zahanati. Walikutana Mama alipofika kiwandani kulalamika kwamba mabenchi ya wagonjwa yanayumba. Wiki iliyofuata alirudi kulalamika tena. Wiki ya tatu mabenchi yalikuwa yametulia kabisa, naye akaja vilevile. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1993 wakazi walimchagua mwenyekiti wa umoja wa mtaa. Alifanya kazi kwelikweli: bomba la maji lilifika, taka zikapata mahali pake. Ila mkutanoni sauti yake ilimeza za wengine. Mwezi wa Februari 1996 walipojadili mfereji mpya, mshonaji wa sare za shule, mjane aliyekaa bondeni, alisimama na karatasi mkononi.

“Mwenyekiti, naomba kusema kidogo.”

“Mama, kaa. Muda umeisha.”

Alikaa. Mfereji ukachimbwa. Mvua za Aprili ziliposhuka, maji yote yalielekea chumbani kwake, yakafunika kanyagio la cherehani na kuharibu sare zilizokuwa tayari kwa kuchukuliwa. Karatasi ile ilikuwa mchoro wa njia ya maji. Mwezi uliofuata wakazi walimwondoa Randa kwenye kiti kwa kura sitini na moja dhidi ya tisa.

Alifika nyumbani amefura. “Nimewatumikia watu hawa miaka mitatu!”

Mama alimwekea maji ya kunywa, akamwambia taratibu, “Baba watoto, hata hapa nyumbani mtu akitaka kusema hulazimika kunyoosha mkono.”

Kwa miezi minne Randa alipita njia ya nyuma kwenda karakana. Kisha ikatangazwa semina ya viongozi wa mitaa na watu wa kujitolea, katika ukumbi wa shule. Mama alimwandikisha bila kumuuliza. Mwezeshaji, mwalimu mstaafu, aliwapanga waigize mkutano. Akampa Randa nafasi ya mkazi mwenye hoja, na kiti cha mwenyekiti akampa mshonaji, ambaye naye alikuwa amejiandikisha.

Randa alisimama mara tatu. Mara tatu aliambiwa, “Mzee, kaa.” Baada ya hapo hakusimama tena, akainamisha kichwa.

“Dada,” akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikufika ukuta wa nyuma, “nilikukosea. Nisamehe.”

Mshonaji alimtazama. “Samahani nimeipokea. Mfereji je?”

Kesho yake asubuhi Randa alifika bondeni na jembe. Alichimba siku tisa kwa kuufuata ule mchoro, na kuanzia siku ya pili majirani wakaungana naye. Maji hayakuingia kwa mshonaji tena.

Hapo ndipo kazi iliyompa jina nje ya mtaa wetu ilipoanza. Watu wa kujitolea walilalamika kwamba wakitembelea kaya hufukuzwa. Randa akatengeneza mlango mzima na fremu yake, wenye miguu ya kujisimamia, akawa anausukuma kwa mkokoteni semina hadi semina. Mshonaji aliketi nyuma ya mlango huo akiigiza mtu yeyote aliyemtaka: mwenye msiba, mlevi, mama ambaye mtoto wake ndiyo kwanza amelala. Wanafunzi walibisha hodi kwa zamu, wakatimuliwa, wakacheka hadi machozi, wakajaribu tena. “Ukishabisha, rudi nyuma hatua mbili,” Randa aliwaambia. “Mwache akuone mwili mzima, kisha nyamaza.” Kwa miaka ishirini na miwili walifundisha kwa njia hiyo viongozi wa mitaa arobaini na mmoja.

Agosti 2019 alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wa kulia na kumwachia maneno machache. Aliendelea kuhudhuria, akiketi safu ya nyuma. Mwaka huu figo zilichoka, akalazwa tarehe 29 Mei. Kinyozi wetu, mwenyekiti mpya wa umoja, alikuja wodini kukiri kwamba amemfokea mkazi mkutanoni. Mzee alimsikiliza, akamwashiria aeleze tena tangu mwanzo. Kisha akasema neno moja: “Nenda.” Kinyozi akaenda mchana huohuo. Jumapili alirudi kusema kwamba mkazi yule amekubali kuongoza kamati ya maji. Mzee alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, dada wawili, na mshonaji, ambaye sisi watoto tunamwita shangazi. Shangazi ameomba tutangaze hapa kwamba semina ya tarehe 24 haijaahirishwa. Waliojiandikisha ni thelathini na wanane, na viti bado vipo.

Mola ampokee mzee wetu, ampe pumziko jema.