Ottavia Drocco na Mvinyo wa Mwaka wa Mvua

Padre, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia, mimi Irma, binti yake wa kwanza, nawasomea maisha ya mama yetu, Ottavia Drocco, mke wa Delfino Manera, na nikikwama mnivumilie.

Mama alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 hapa Serralunga, mtoto wa tatu wa fundi mapipa Battista Drocco, akasoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya kilimo cha mizabibu mjini Alba, akahitimu mwaka 1962, na mwaka uliofuata akaajiriwa na mfanyabiashara wa mvinyo mjini humo, kazi yake ikiwa kuonja mvinyo mwekundu wa miaka mbalimbali na kusema upi uuzwe, upi usubiri na upi umepitwa na wakati wake.

Hakuwa mtu wa kutulia, akitoa hukumu asubuhi, jioni alipiga simu kuomba chupa ifunguliwe tena, na hata mezani kwetu alizungusha glasi na kunusa mpaka chakula kikapoa.

Mwaka 1977 aliketi kwenye jopo la waonjaji, mwanamke pekee, ukaletwa mvinyo wa kijana Delfino Manera, wa mwaka 1973, mwaka wa mvua nyingi ambao zabibu hazikuiva vizuri, Mama akaonja, akatema, akasema, “Huu ni ukakasi mtupu, haustahili kuitwa Barolo, jina la mvinyo bora wa vilima vyetu.” Wenzake wakamuunga mkono, Delfino akauza mapipa yake kwa bei ya mvinyo wa mezani, akabakiza makasha machache ya chupa kwa ukaidi tu.

Aprili iliyofuata Mama akamgongea mlango.

“Umenikatia riziki, sasa unataka nini?”

“Nataka kuuonja tena. Sina raha.”

Akaonja, akasema bado mbaya, akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, mpaka bibi yetu Secondina akamwambia mwanawe, “Mjinga wewe, mvinyo mbaya haufuatwi hivi! Huyu anakufuata wewe.”

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 20 Juni 1981, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1983 na Pietro mwaka 1986, na kila mwaka, siku ya ndoa yao, Baba alifungua chupa moja ya 1973, na kila mwaka Mama, ambaye hakuwahi kulala mbali na mume wake kwa hiari, alitikisa kichwa na kusema, “Bado, Delfino,” na Baba akatoka akibamiza mlango.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hospitalini, akaomba arudishwe nyumbani, na mwezi Oktoba Baba akaleta chupa ya mwisho, akasimama kando ya kitanda kama mshitakiwa. Mama alinusa kwa muda mrefu, akaonja, na safari hii hakutema.

“Mzuri,” alisema.

Baba akafoka, “Miaka yote hii! Unanidanganya kwa sababu unakufa!”

“Onja mwenyewe, mkaidi wee.”

Alionja, lakini alikuwa analia, hakujua anaonja nini, na tangu siku ile anazunguka ghalani kutwa nzima na kutuuliza kama Mama alisema kweli.

Mama alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, sisi sote tukiwepo.

Tunawashukuru madaktari, tunamshukuru muuguzi Graziella aliyemgeuza kitandani bila kumuumiza, majirani mlioleta mchuzi hata siku ambazo hakuweza kula, na waonjaji wenzake mliokuja na chupa zenu mkijua atazikosoa.

Baba, swali lako sijalijibu mpaka leo. Mvinyo uliobaki kwenye glasi ile niliumalizia jikoni, na unajua kazi ya Mama ndiyo kazi yangu: ukakasi ulikuwa umelainika, na harufu nzuri ya mvinyo ule ilibaki puani hata baada ya kuosha vyombo. Mama hakukudanganya, Baba. Kaa chini sasa.

Nawe Mama, umehangaika vya kutosha. Pumzika.