Umri wa Mama Kiden

Tangu basi litoke Arua, Ocokoru alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Pale Mama Kiden, dikoda mpya ya bure, kile kisanduku cha kunasia picha za televisheni, mapajani, alikuwa akimfokea abiria mwenzake asiyemjua.

"Orodha ya pesa ya wazee, nani alipatia watu wa televisheni wanaogawa hizi dikoda? Jumapili wamesoma kanisani kwa spika majina na umri wa wenye kupewa: Rosa Kiden, miaka themanini na mbili! Na kwa kwaya mimi nacheza mstari wa mbele! Nimeambia wenzangu ni makosa ya kompyuta."

Bwana yule alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, bila ile orodha televisheni yako ingebaki chenga tu, bila picha."

"Wangeniuliza kwanza!"

"Wangekuuliza, ungesema miaka ngapi?"

Mama Kiden akaanza kufuta vumbi kwenye dikoda. Ocokoru akafunua ukurasa mwingine, ingawa ule wa kwanza hakuusoma.

Basi likasimama Koboko. Mama Kiden akachungulia dirishani. Hakuna mwanakwaya mwenzake hata mmoja kituoni. Ndipo akampa yule bwana dikoda.

"Nishike mkono, mwanangu, ngazi iko juu. Mimi mutu ya miaka themanini na mbili."