Uso Uliotulia

Fundi saa alifumba macho ndani ya gari la moshi, lakini masikio yake yalisafiri bila tiketi. Mbele yake, mama mmoja alimsimulia kinyozi aliyeketi kando yake habari za mwanawe mwenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia.

"Daktari alimwonyesha picha za nyuso. Uso uliotulia tu, yeye akasema una hasira. Ndivyo ubongo wake unavyousoma."

"Basi mchekee, mama," kinyozi akasema. Vinyozi wana dawa ya kila kichwa.

"Nikitabasamu anadhani namdhihaki. Siku hizi nikiingia chumbani kwake natangaza: mwanangu, sina hasira, nimechoka tu."

"Naye husemaje?"

"Huniuliza, 'Umenichoka mimi?'"

Gari likasimama, mama akateremka. Kinyozi akageuka, akamkuta fundi amefumbua macho. "Mzee, mbona umenuna?"

"Sijanuna," fundi akajibu. "Uso wangu ndio huu."